Habari za Motokaa Iliyovutwa kwa Magurudumu Yake

Wote waliofika siku ya kufunguliwa kwa Jubilei waliiona Land Rover ya kale imesimama chini ya mwembe, rangi yake ya kijani imepauka, nayo imezungushiwa kamba ili watoto wasiipande. Tangu siku ile walimu wengi wametuuliza maswali mawili. La kwanza, imefikaje hapa, nayo injini yake haijanguruma kwa miaka zaidi ya ishirini? La pili, ikiwa ilivutwa tu, mbona safari ya kilomita 240 ilichukua siku tatu?

Tumeona vema kuyajibu maswali haya kwa maandishi. Lakini hatuwezi kuyajibu kwa kueleza safari yetu peke yake, kwa maana yale tuliyojifunza njiani walikwisha kujifunza wengine kabla yetu, nao waliyalipia kwa jasho na kwa vyuma vilivyovunjika. Kwa hiyo tutaanza mbali, ndipo tufike kwetu.

1. Siku za kamba na mabega

Zamani za misafara mizigo yote ya bara ilichukuliwa vichwani na mabegani mwa watu. Katika sehemu nyingi za nchi yetu ng'ombe na farasi hawakuweza kufanya kazi ya kuvuta, kwa sababu ya mbung'o aletaye ugonjwa wa nagana. Kusini mwa Afrika, mahali pasipo mbung'o, watu walikuwa na magari makubwa yaliyovutwa na ng'ombe kumi na sita au zaidi. Waendeshaji wa magari yale walijua jambo moja ambalo sisi tulilisahau: ya kwamba kila gari lina kazi mbili, kuvutwa na kuzuiwa. Penye kilima ng'ombe huvuta. Penye mteremko lazima liwepo jambo la kulizuia gari, la sivyo litawaangukia ng'ombe wenyewe.

Motokaa zilipoingia nchini, watu hawakuacha kuvuta. Tarehe 10 Agosti 1907 afisa Mjerumani aitwaye Paul Graetz aliondoka Dar es Salaam kwa motokaa iliyotengenezwa Gaggenau, Ujerumani, akikusudia kuivuka Afrika mpaka pwani ya magharibi. Motokaa ile ilijengwa kwa ajili ya safari hiyo, nayo iliinuliwa juu kuliko desturi ya siku zile, ili isikwame kwenye visiki na mawe. Hapakuwa na barabara za motokaa, wala mahali pa kununua petroli; petroli ilibidi itangulizwe na kuwekwa akiba njiani. Graetz alifika Swakopmund tarehe 1 Mei 1909, yaani siku 630 baada ya kuondoka, amekwenda zaidi ya kilomita 9,000.

Lakini mtu akidhani ya kuwa injini ndiyo iliyoifikisha motokaa ile, amekosea nusu ya habari. Mara nyingi ilikwenda kwa kamba. Watu wa vijiji waliitwa, wakaivuta matopeni, mitoni na milimani, ikawa motokaa ni mzigo wa watu badala ya watu kuwa mzigo wa motokaa. Vitabu hulitaja jina la Graetz. Wale walioishika kamba hawatajwi kwa majina yao. Hata hivyo, miongoni mwa watu wa kwanza waliojua uzito wa motokaa isiyokwenda, babu zetu walikuwamo.

Mwaka 1924 Meja Chaplin Court Treatt na mkewe Stella, pamoja na wenzao, waliondoka Cape Town kwenda Cairo kwa motokaa mbili za Crossley. Mvua kubwa ziliwakuta katika nchi ya Rhodesia, njia zikageuka tope, nazo motokaa zikavutwa kwa ng'ombe na kwa watu, na penye mito zikavushwa kwa kamba. Walifika Cairo mwezi wa Januari 1926, miezi 16 tangu walipoanza.

Katika habari hizo mbili kamba ilifaa, kwa sababu mwendo ulikuwa wa hatua kwa hatua, na watu walikuwa wengi pande zote. Bali kamba ina upungufu wake. Kamba huvuta, haizuii. Motokaa iliyofungwa kamba ikifika mteremkoni humkimbilia anayeivuta. Na anayeivuta akisimama ghafula, ile ya nyuma haisimami. Ndiyo sababu kila avutaye kwa kamba hulazimika kumweka mtu ndani ya ile inayovutwa, ashike usukani na breki. Na maisha ya mtu yule huwa juu ya breki zile.

2. Mtambo wa Chattanooga

Mwaka 1916, katika mji wa Chattanooga, nchi ya Marekani, palikuwa na mwenye karakana jina lake Ernest Holmes. Inasimuliwa kwamba aliitwa kuitoa motokaa ya rafiki yake iliyokuwa imetumbukia kijitoni. Alichukua watu, kamba, kapi na magogo, wakahangaika saa nyingi mpaka ikatoka. Kazi ile ilimchosha, lakini haikumpita bure. Alifunga winchi na nguzo za chuma juu ya motokaa nyingine, hata mtu mmoja au wawili wakaweza kufanya kazi iliyowashinda wengi. Huo ukawa mwanzo wa magari ya kuvutia magari mabovu, na mji ule ukapata baadaye makumbusho ya kazi hiyo.

Mtambo wa Holmes uliinua upande mmoja wa motokaa, na upande wa pili ukabaki chini ukizunguka. Kwa motokaa za siku zile jambo hili lilitosha, kwa maana injini ilizungusha magurudumu ya nyuma tu. Ukiyainua ya nyuma, yale ya mbele hayana kifungo. Huzunguka kama magurudumu ya mkokoteni. Lakini namna gani motokaa ambayo injini yake huyashika magurudumu yote manne? Swali hilo halikuwasumbua watu wengi mpaka vilipokuja vita vya mwaka 1939.

3. Jeep na sanduku la pili la gia

Mwezi wa Julai 1940 jeshi la Marekani liliviandikia viwanda 135 likitaka motokaa ndogo, nyepesi, yenye kuendeshwa kwa magurudumu yote manne. Kiwanda kidogo kiitwacho American Bantam kilipeleka motokaa ya kwanza ya kujaribiwa mwezi wa Septemba mwaka ule ule. Baadaye sehemu kubwa ya kazi ikafanywa na Willys-Overland na Ford, nazo motokaa hizo zikajulikana ulimwenguni kote kwa jina la Jeep. Mpaka vita vilipokwisha mwaka 1945 zilikuwa zimetengenezwa zaidi ya 600,000.

Hapa twawaomba wasomaji watuvumilie kidogo, kwa maana bila kuelewa jambo hili hawataelewa kwa nini safari yetu ilikuwa ya siku tatu. Ndani ya Jeep mna sanduku la gia kama la motokaa nyingine. Na nyuma yake mna sanduku la pili, ambalo mafundi huliita transfa. Kazi ya transfa ni kuigawa nguvu ya injini, nusu iende mbele na nusu nyuma. Kutoka transfa hutoka miti miwili ya chuma inayozunguka, ambayo mafundi huiita propela, mmoja ukienda ekseli ya mbele na mmoja ekseli ya nyuma.

Sasa motokaa ikivutwa, mambo hugeuka. Magurudumu ndiyo huzungusha ekseli, ekseli huzungusha propela, nazo propela huzungusha vyuma vilivyo ndani ya masanduku ya gia, na injini imenyamaza. Katika masanduku mengi ya gia mafuta hulala chini, nayo hurushwa juu na gia za chini zinazozungushwa na injini. Injini isipozunguka, gia zile za chini hutulia, mafuta hayarushwi, na shafti ya juu huzunguka pakavu. Kwa mwendo wa kutoka shambani mpaka karakana si neno. Kwa mwendo wa siku nzima, chuma hupata moto, beringi huungua, na mwenye motokaa hufika nyumbani na ubovu wa pili juu ya ule wa kwanza.

Jeep ilikuwa na dawa ya sehemu moja ya shida hiyo. Transfa yake ina mkono wake wa gia, nao huweza kuwekwa katikati, mahali pasiposhika kitu. Hapo sanduku kubwa la gia hutengwa na magurudumu, likalala salama. Ndiyo maana motokaa za namna hii, ingawa zina vyuma vingi kuliko nyingine, zaweza kuvutwa kwa magurudumu yao manne kuliko motokaa nyingi za mjini. Lakini transfa yenyewe haikutengwa. Shafti yake ya kutokea bado huzunguka pamoja na propela. Kwa hiyo aendaye mbali sana huzifungua propela kabisa na kuziweka ndani, ili ndani ya masanduku yote mawili pasizunguke kitu.

Baada ya vita Jeep nyingi za jeshi ziliuzwa kwa watu. Wakulima na wawindaji wa Marekani walizinunua, wakaona kwamba katika barabara nzuri ekseli ya mbele huzungushwa bure na kula petroli na matairi. Mwaka 1948 Arthur Warn, mtu wa jimbo la Washington, alianza kutengeneza vitovu vya magurudumu ya mbele vyenye kufungwa na kufunguliwa kwa mkono. Kitovu kikifunguliwa, gurudumu huzunguka peke yake, na vyuma vya ndani vya ekseli hutulia. Kifaa hicho kiliwafaa pia wenye kuvuta. Ikawa desturi huko kuifunga Jeep nyuma ya motokaa kubwa kwa chuma cha pembetatu: pembe mbili hushikwa mbele ya Jeep, na pembe ya tatu hushikwa na kichwa cha mviringo nyuma ya motokaa inayovuta. Chuma hiki hufanya lisilowezekana kwa kamba. Huvuta, na tena huzuia, kwa maana hakikunjiki.

4. Land Rover na breki yake ya mkono

Katika kisiwa cha Anglesey, nchi ya Wales, Maurice Wilks, mkuu wa mafundi wa kampuni ya Rover, alikuwa na shamba, na shambani alitumia Jeep iliyouzwa na jeshi. Kutoka hapo alipata wazo la kutengeneza motokaa ya kazi kwa ajili ya wakulima. Land Rover ilionyeshwa mara ya kwanza katika maonyesho ya Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Chuma kilikuwa adimu Uingereza baada ya vita, kwa hiyo bodi ilitengenezwa kwa aluminiamu, nayo ndiyo sababu moja ya kuonekana hata leo Land Rover za kale ambazo bodi zao hazikuliwa na kutu. Urefu kati ya ekseli zake mbili ulikuwa inchi 80, sawasawa na ule wa Jeep. Ukoo huo uliendelea kutengenezwa Solihull, ukibadilika kidogo kidogo, mpaka tarehe 29 Januari 2016.

Kwetu Afrika ya Mashariki Land Rover zilitumiwa na serikali, wakulima, waganga na misheni. Wengi wetu tuliijua motokaa hii kabla ya kuijua nyingine yoyote. Watu wazima watakumbuka mikono miwili midogo iliyo karibu na gia kubwa: mmoja wenye kichwa cha manjano, wa kuishika ekseli ya mbele, na mmoja wenye kichwa chekundu, wa transfa. Tulipokuwa watoto tulidhani rangi zile ni pambo. Kumbe ni maandishi kwa dereva: wa manjano ukiwa juu, ekseli ya mbele imeachwa; mwekundu ukiwa katikati, transfa haishiki.

Jambo jingine halionekani kwa macho, nalo karibu litugharimu sana. Katika motokaa nyingi breki ya mkono huyashika magurudumu ya nyuma yenyewe. Katika Land Rover za kale, na katika Jeep pia, haiko hivyo. Breki ya mkono hushika ngoma iliyo nyuma ya transfa. Ngoma hushika propela, propela hushika ekseli, na ekseli hushika magurudumu. Ni kama mtu amshikaye mbuzi kwa kamba: kamba ikifunguliwa, mkono umeshika kamba, lakini mbuzi amekwenda.

5. Yaliyotupata sisi

Sasa tumefika kwetu. Land Rover hii ni ya mwaka 1962. Iliwabeba mapadre na walimu, wagonjwa na magunia ya mahindi, mpaka injini yake iliposhindwa, ikaachwa nyuma ya karakana ya misheni iliyo mbali kuliko zote katika jimbo. Kamati ilipotaka iletwe kwa Jubilei tulitafuta lori la kuipakia, bali fedha hazikutosha. Ndipo vijana wakasema, "Ina magurudumu manne, na ifungwe kamba, ivutwe." Sisi wa kamati tukakubali mara moja, wala hatukuuliza zaidi.

Kamba ilikwisha kufungwa, na lori dogo la kuvuta limewashwa, alipotokea mzee aliyekuwa dereva wa Land Rover ile kwa miaka mingi. Aliizunguka mara moja, akainama kutazama chini, akainuka.

"Wanangu," akasema, "kamba hii itaifikisha mteremko wa kwanza. Baada ya hapo itajifikisha yenyewe, nanyi mtaikuta imewatangulia."

Kijana mmoja akajibu, "Shikamoo, Mzee. Tutamweka mtu ndani ashike breki."

"Marahaba, mwanangu. Breki zipi? Mafuta yake yalikauka mwaka gani, wajua?"

Hatukujua. Basi injini ya lori ikazimwa, na safari ikaahirishwa kwa siku nne. Fundi alitengeneza chuma cha pembetatu, akakifunga kwa bolti kwenye chasisi yenyewe, si kwenye bampa. Minyororo miwili ilipitishwa chini yake kwa msalaba, ili chuma kikikatika kisianguke barabarani. Magurudumu yote manne yalifunguliwa, beringi zikaoshwa na kutiwa grisi mpya. Difu za mbele na nyuma ziliongezwa mafuta. Matairi tuliazima, maana yale ya zamani yalikuwa yamepasuka kwa jua. Propela zote mbili zilitolewa zikawekwa ndani. Nyuma tulifunga ubao wenye taa na namba ya lori. Lori lenyewe tulilitia mchanga, lipate uzito wa kuizuia Land Rover. Kwa maana chuma cha pembetatu huzuia, lakini uzito wa kuzuia lazima utoke kwa anayevuta. Tukaenda kwa polisi wa barabara kuomba ruhusa, tukaambiwa twende polepole, mchana tu, wala mtu asikae ndani ya ile inayovutwa.

Siku ya kwanza tulikwenda kilomita kumi, Mzee akaamuru kusimama. Akagusa kila kitovu cha gurudumu kwa kiganja chake. Cha mbele kushoto hakikushikika kwa moto. Beringi ilikuwa imekazwa kupita kiasi. Ikafunguliwa, ikalegezwa kidogo, ikatiwa grisi tena, na jua likawa limekwenda. Kama tusingalisimama, gurudumu lingeweza kutoka mbele ya macho yetu.

Jioni tulilala penye shule moja iliyo juu ya kilima. Lori lilihitajiwa kwenda kuleta maji, kwa hiyo tukaamua kuitenga Land Rover. Kijana mmoja akaingia ndani, akavuta breki ya mkono kwa nguvu zake zote. Meno yake yalilia sana, akaridhika, nasi tukaridhika. Chuma kikafunguliwa. Mara Land Rover ikaanza kurudi nyuma, kwanza polepole kama inayowaza, kisha kwa haraka. Na nyuma yake, penye ua wa shule, watoto walikuwa wamekusanyika kutazama.

Mzee alipiga kelele moja. Mwalimu wa shule ile, aliyekuwa amekaa juu ya gogo, aliliinua gogo akalitupa nyuma ya gurudumu. Land Rover iliruka kidogo, ikasimama. Kati yake na watoto palibaki hatua tatu.

Tulisimama kimya. Kisha tukakumbuka: propela tulizitoa sisi wenyewe, kwa mikono yetu, ili kuyalinda masanduku ya gia, na kwa kuzitoa tuliiondoa breki. Jambo jema lilifungua mlango wa jambo baya, nasi hatukuulinda mlango. Hatumlaumu kijana. Alifanya kama alivyozoea kufanya siku zote, nasi tuliokuwa tumejua hatukumwambia. Tangu usiku ule hapana mtu aliyeruhusiwa kuifungua Land Rover kabla ya mawe manne kuwekwa, mbele na nyuma ya magurudumu.

Siku ya pili tulikuta lori kubwa limelala kati ya barabara, penye daraja jembamba. Ilitupasa kurudi nyuma ili kuwapisha wengine. Hapo tulijifunza jambo la mwisho. Motokaa iliyofungwa chuma cha pembetatu huenda mbele kwa utii, kwa kuwa magurudumu yake ya mbele hufuata njia yenyewe, kama magurudumu ya kitanda cha hospitali. Lakini ukiirudisha nyuma, magurudumu yale hugeuka upande mpaka mwisho wake, na chuma hupindika. Hakuna dereva, hata awe hodari namna gani, awezaye kuirudisha mbali. Ikabidi kuitenga, safari hii kwa mawe, na kuisukuma kwa mikono.

Watu wa kijiji cha karibu walikuja, wanaume kwa wanawake, bila kuitwa. Wakaisukuma Land Rover kando ya barabara, na lori kubwa lilipoondolewa wakairudisha tena. Mama mmoja mzee alisema alipandishwa ndani ya motokaa hii hii siku alipokuwa na uchungu wa uzazi, na mtoto aliyezaliwa siku ile ndiye aliyekuwa akisukuma pembeni pake. Tuliwakumbuka wale walioishika kamba ya Graetz, ambao majina yao hayajulikani. Kwa hiyo, kabla ya kuondoka, katibu wa kamati alitoa daftari, akaandika majina ya wote walioisukuma. Ni watu 37. Daftari hilo limewekwa pamoja na vitabu vya Jubilei.

Siku ya tatu, saa kumi alasiri, tuliingia uwanjani.

6. Maneno kwa walimu

Walimu wanaofundisha kazi za mikono wametuomba tuyataje mafundisho kwa ufupi, wayaandike ubaoni. Tunafanya hivyo, tukijua kwamba kila motokaa ina desturi zake, na ya kwamba motokaa nyingi za siku hizi hazifai kabisa kuvutwa kwa magurudumu yake. Mwenye nayo na asome kwanza kitabu chake.

La kwanza, jueni ni vyuma gani huzunguka wakati injini imenyamaza, na kama vyuma hivyo vinapata mafuta. Kama havipati, na mwendo ni mrefu, viondoeni katika mzunguko.

La pili, kila mnapoondoa kitu, ulizeni kilikuwa kikifanya kazi gani nyingine. Sisi hatukuuliza.

La tatu, anayevuta awe mzito kuliko anayevutwa, na mwendo uwe wa taratibu. Huko Uingereza sheria huihesabu motokaa inayovutwa kwa chuma cha pembetatu kuwa ni tela, na tela lipitalo uzito wa kilo 750 hudaiwa liwe na breki zake lenyewe. Land Rover ndogo ya kale hupata karibu mara mbili ya uzito huo. Hatujisifu basi kwamba tulitenda yote yaliyopasa. Tulifika kwa taratibu, kwa mchanga uliokuwa loroni, na kwa gogo la mwalimu.

La nne, simameni mapema, mkaguse vitovu kwa mkono. Kiganja cha mzee kilijua kabla ya macho yetu.

La tano, msirudi nyuma. Mkilazimika, itengeni kwanza, na kabla ya kuitenga wekeni mawe.

Mzee yule yu hai, naye huja kila Jumapili kuitazama Land Rover baada ya ibada. Mtoto akiuliza kama itakwenda tena, humjibu kwamba ilikwenda zaidi ya vya kutosha, na humwonyesha mawe manne yaliyo chini ya magurudumu. Mawe yale tuliyaleta kutoka kilima cha shule. Tunawaomba wote watakaosafisha uwanja wasiyaondoe.